Kambale wa Mistari: Jinsi ya Kumtambua Kabla Hujamlipia

Ukiingia duka la samaki wa mapambo, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Dubai, ukaulizia kambale mwenye mistari, mara nyingi utaonyeshwa samaki mweusi mwenye mstari wa rangi ya maziwa ubavuni, kajibana nyuma ya filta kama mtu anayekwepa deni. Uliza jina. "Huyo Raphael, bosi." Uliza Raphael yupi. Hapo ndipo maongezi huishia, maana tangi la pili lina samaki mwingine mwenye mistari, la tatu lina mwingine, na wote muuzaji anawaita kambale mistari.

Simlaumu muuzaji. Mstari ni nguo, na nguo hiyo imevaliwa na samaki wa koo mbalimbali wasio na undugu wa karibu, kutoka Amazon hadi Mekong hadi miamba ya matumbawe ya pwani yetu. Mmoja hatazidi urefu wa kiganja na vidole. Mwingine atafika zaidi ya mita moja. Wa tatu ana sumu kwenye miiba na makazi yake ni baharini. Kwa hiyo katika mwongozo huu mstari tutauangalia mwishoni. Tutaanza na ndevu, kisha mkia, kisha miiba, kisha mapezi, kisha pua.

Mpangilio huo una sababu. Kuna makosa ya utambuzi yanayogharimu na kuna makosa yasiyogharimu kitu. Ukimchanganya Raphael na kitoto cha pangasi, yule anayefika zaidi ya mita moja, umejiletea msiba. Ukimchanganya Raphael wa kawaida na binamu yake wa mto Orinoco, Amerika Kusini, samaki hatadhurika, kwa kuwa matunzo yao ni yaleyale. Utakachokosa ni jina sahihi tu. Tuwaondoe kwanza wale wa hatari, kisha tukae kwa utulivu na hao mabinamu, ambao ndio kitendawili chenyewe.

Vifaa: nenda na tochi ndogo, simu yenye kamera, na boksi la plastiki angavu lenye pande zilizonyooka, lile la kuhifadhia chakula linatosha. Mwombe muuzaji amhamishie samaki humo pamoja na maji. Ndani ya tangi lenye magogo na giza huwezi kuhukumu chochote. Usikubali amvue kwa kimia. Sababu nitaieleza baadaye.

Hatua ya kwanza: soma ndevu

Karibu kambale wote wana ndevu, ila idadi na umbo lake hutofautiana kwa koo. Hii ndiyo alama ya haraka kuliko zote na haihitaji utaalamu. Hesabu jozi.

Raphael na jamaa zake ni wa familia ya Doradidae, kambale wenye miiba wa Amerika Kusini. Hawa wana jozi tatu: moja ndefu kwenye pembe za mdomo, na mbili fupi kidevuni. Puani hakuna ndevu, na ndevu zao ni nyuzi laini zisizo na matawi.

Ukikuta jozi nne, huku moja ikichomoza karibu na tundu za pua, na mwili ni wa fedha au kijivu wenye mistari myeusi kwa urefu, mikononi mwako kuna Mystus, samaki wa Asia. Mystus vittatus wa India ndiye huitwa kambale mistari mara nyingi. Angalia rangi ilivyogeuka: Raphael ni giza lenye mstari mweupe, Mystus ni mweupe mwenye mistari ya giza. Si samaki mbaya, ila ni mkimbiaji, hapendi kukaa peke yake, na tabia yake haifanani hata kidogo na ya Raphael anayelala mchana kutwa.

Ukikuta jozi mbili tu, mwili umebanwa ubavuni, macho yako chini usawa wa mdomo, na samaki haachi kuogelea huku na huko kwenye kioo, simama hapo hapo. Huyo ni kitoto cha Pangasianodon hypophthalmus, pangasi, samaki wa mito ya Mekong na Chao Phraya. Akiwa mdogo ana mistari mizuri ya giza kwenye mwili wa fedha, anapendeza, na bei yake ni ndogo. Anaweza kufikia sentimita 130. Ndiye huyohuyo anayefugwa kwa wingi Vietnam na minofu yake kugandishwa na kusafirishwa ulimwenguni. Hakuna tangi la sebuleni litakalomtosha. Hushtuka kirahisi na kujigonga kwenye kioo hadi pua ikachubuka. Watu wengi humnunua akiwa na urefu wa kidole, na baada ya mwaka mmoja wanazunguka mjini wakitafuta mwenye bwawa.

Ndevu za kidevuni zikiwa na vitawi vidogo kama unyoya, huyo ni Synodontis, Mwafrika mwenzetu. Wavuvi wa Ziwa Victoria humwita gogogo, jina linalosikika kama sauti anayoitoa akitolewa majini. Raphael naye hukoroma vivyo hivyo, kwa hiyo usimtambue samaki kwa sauti. Kukoroma ni kipaji cha koo zote mbili.

Hatua ya pili: tazama mwisho wa mwili

Hii nimeiweka kwa ajili ya samaki mmoja tu, na hasa kwa wasomaji wa pwani. Plotosus lineatus ni kambale wa baharini. Anapatikana Bahari ya Shamu, pwani ya Afrika Mashariki, na kuendelea hadi Pasifiki ya magharibi. Ni mweusi au kahawia wa giza, ana mistari miwili myeupe au ya manjano kila ubavu, na wakiwa wadogo hukusanyika kwa makumi wakawa kama mpira mweusi unaobingirika juu ya mchanga. Anayezamia maeneo ya miamba huenda amewahi kuuona mpira huo.

Akiwa boksini, mgeni anaweza kumdhania Raphael. Tazama nusu ya nyuma ya mwili. Plotosus hana mkia uliojitenga. Pezi la pili la mgongoni, mkia na pezi la chini vimeungana vikawa utepe mmoja hadi nchani, kama mkunga. Raphael ana mkia wake peke yake, kama samaki mwingine yeyote. Ndevu za Plotosus ni jozi nne.

Tofauti hii si ya kitabuni tu. Mwiba wa mgongoni na ile ya kifuani ya Plotosus ina sumu, na kuchomwa nayo ni maumivu makali yanayoweza kumfikisha mtu hospitali. Umoja wa Ulaya ulimwingiza mwaka 2019 katika orodha ya viumbe vamizi, kwa hiyo ndugu zetu walioko huko wasimtafute kabisa: kumfuga na kumuuza ni marufuku. Samaki huyu alipenya kupitia Mfereji wa Suez hadi Mediterania na kuenea huko.

Hatua ya tatu: pitisha macho ubavuni

Walioondolewa wameondoka. Kama samaki wako ana jozi tatu za ndevu laini, mkia uliojitenga, na mwili wa giza wenye mstari mweupe, sasa mulika tochi ubavuni kwa pembe. Ukoo wa Doradidae una safu ya vibao vya mfupa katikati ya ubavu, na kila kibao kina mwiba uliopinda kuelekea mkiani, kama ndoana zilizopangwa foleni. Kwa Raphael miiba hii imekaa juu ya mstari mweupe wenyewe, kwa hiyo mstari unaonekana una meno. Usimguse kuhakikisha. Macho yanatosha.

Ukiiona safu hiyo, umefika nyumbani kwa Doradidae. Kazi iliyobaki ni kujua chumba.

Hatua ya nne: mabinamu wawili

Anayeuzwa kwa wingi ni Platydoras armatulus. Binamu anayechanganywa naye ni Orinocodoras eigenmanni, aliyepewa jina la kisayansi na George Myers mwaka 1927 kwa heshima ya Carl Eigenmann, mtaalamu wa samaki wa Amerika Kusini. Orinocodoras anatoka bonde la mto Orinoco. Platydoras armatulus yuko Orinoco pia, na Amazon, hadi kusini katika mito ya Paraguay na Paraná. Mahali wanapoishi pamoja, mvuvi anawavua pamoja, na ndiyo maana boksi moja la Raphael laweza kuwa na mgeni mmoja au wawili ambaye hakuna aliyemwagiza.

Ukiwaangalia haraka ni mapacha: weusi wote, mstari wote, miiba wote. Hata mimi nikiona picha ya ubavuni iliyopigwa vibaya, sithubutu kusema. Zipo alama mbili za kutegemea.

Ya kwanza ni pezi la mafuta. Hili ni lile kijipezi chenye mnofu, kisicho na mwiba wala nyuzi, lililoko mgongoni kati ya pezi kubwa na mkia. Kwa Platydoras ni fupi, limesimama peke yake, na mbele yake mgongo ni tambarare. Kwa Orinocodoras ni refu. Sehemu yake ya mbele haikomi ghafla bali inashuka taratibu ikawa kama tuta jembamba linalokwenda mbele kuelekea pezi kubwa. Mmulike samaki kwa nyuma upate kivuli chake, kama unavyoangalia yai kwenye mwanga. Kivuli cha tuta hilo ama kipo ama hakipo. Kama huna uhakika, linganisha urefu wa shina la pezi hili na wa pezi lililo chini yake, nyuma ya tumbo. La juu likiwa refu kuliko la chini, una Orinocodoras.

Ya pili ni pua. Hapa usimtazame ubavuni, mtazame kutoka juu. Kichwa cha Platydoras ni kipana na kimekatika butu mbele, kama ncha ya koleo. Cha Orinocodoras kimechongoka, na umbali kutoka jicho hadi ncha ya mdomo ni mrefu. Tatizo la alama hii ni kwamba inahitaji mlinganisho. Ukiwa na samaki mmoja tu, kila pua huonekana ndefu. Kwa hiyo omba awekwe mwenzake boksini, au piga picha ya juu ukailinganishe na za wengine. Pia samaki wadogo wa urefu wa sentimita tatu au nne bado sura hazijakaa, na hapo pezi la mafuta ndilo shahidi wa kumtegemea.

Usihukumu kwa unene wa mstari, wala kwa weupe wake. Mstari huweza kufifia samaki akizeeka, hupauka akiwa na hofu, na kila mmoja huzaliwa na wake. Nimewahi kuona watu wazima wakibishana jioni nzima kwa sababu mstari wa mmoja ni wa krimu na wa mwingine ni mweupe. Walikuwa na Platydoras wawili.

Nikiwa bado kwenye mstari, niseme jambo moja linalonifurahisha. Katika mto Araguaia nchini Brazil, watafiti waliwashuhudia Platydoras wadogo wakimsafisha Hoplias, samaki mla samaki mwenye meno ya kutisha, naye akatulia wamalize kazi. Wapo wanaofikiri mstari ule mweupe ni kama sare ya kazi, unaomwambia mla samaki kwamba huyu ni fundi na si kitoweo.

Hatua ya tano: yule wa chokoleti

Kuna wa tatu katika ukoo huu anayeingia kwa jina la Raphael: Acanthodoras. Huyu si mweusi bali kahawia, na mstari wake ni mwembamba, hafifu, umefuata tu safu ya vibao vya ubavuni. Kichwa kimelala na kupanuka, mwili ni kama kiluwiluwi mnene. Kama rangi inakutatiza kwa sababu ya taa za dukani, tazama mkia. Wa Acanthodoras ni wa mviringo kama feni ya mkono. Wa Platydoras umekatwa karibu wima, na mstari mweupe wa ubavuni unaingia ndani yake ukapita katikati, giza juu na giza chini. Habari ya mkia huo ukiikariri, Acanthodoras hatakusumbua tena.

Agamyxis, mwenye madoa meupe badala ya mstari, simhesabu kabisa, ingawa mizigo mingine humchanganya.

Hatua ya sita: jina la kuandika

Ukitafuta habari za samaki wako utakutana na jina Platydoras costatus kwenye vitabu vya zamani na hata kwenye lebo za leo. Usichanganyikiwe. Jina hilo lilitolewa na Linnaeus mwaka 1758, na kwa miaka mingi wafugaji walilitumia kwa kila Raphael. Mwaka 2008 wataalamu waliochunguza upya jenasi hii walionyesha kwamba costatus halisi ni wa mito ya pwani ya Suriname na Guyana ya Kifaransa. Yule wa madukani akarudishiwa jina armatulus, alilokuwa amepewa na Valenciennes mwaka 1840. Katika kazi hiyohiyo walimtaja mpya, Platydoras brachylecis, wa mito ya kaskazini mashariki mwa Brazil, ambaye vibao vyake vya ubavuni ni vifupi kwa kimo. Kwa mfugaji hilo lina maana moja: makala ya zamani ikisema costatus, isome kama armatulus, isipokuwa kama muuzaji ana karatasi inayotaja mto alikovuliwa. Na akiwa nayo, hifadhi nakala. Kwa samaki wanaofanana kiasi hiki, mto ni ushahidi wenye uzito kuliko rangi yoyote.

Kumbeba na kumweka

Nilisema usikubali kimia. Miiba ya kifuani ya Raphael ina meno pande zote mbili, kama msumeno wa kukatia mti kwenda na kurudi. Akishtuka huinua miiba na kuifunga kwenye maungio yake, na hapo hata umvute vipi haishuki. Ndani ya wavu hunasa kila upande, ubavuni kwa ndoana na kifuani kwa misumeno. Wengi huvunjika mwiba wakati wa kunasuliwa. Kama tayari amenasa, usivute. Kata wavu kwa mkasi. Wavu ni wa kununua mwingine.

Njia nzuri ni bomba. Weka kipande cha bomba la plastiki la maji, lenye upana wa kumtosha, tangini jioni. Asubuhi atakuwa amelala ndani. Ziba pande zote mbili kwa viganja, mtoe. Na mkono wako usiuweke kati ya mwiba wa kifuani na mwili wake, kwani akiufunga utabanwa kidole na hakuachii kwa kuombwa.

Kabla ya kulipa jiulize kuhusu tangi. Platydoras hukua hadi kama sentimita 20, na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Ninachopendekeza ni tangi la urefu wa mita 1.2, mchanga laini chini, magogo na mapango ya kutosha ili kila mmoja awe na lake. Joto liwe nyuzi 24 hadi 30. Dar na Mombasa maji hujitosheleza kwa sehemu kubwa ya mwaka. Arusha na Nairobi bila hita hutafika mbali. Mlishe baada ya kuzima taa: punje zinazozama, nyungunyungu, vipande vya kamba. Konokono wa tangi atawamaliza, na wapo wanaomnunua kwa kazi hiyo tu. Samaki wadogo wa ukubwa wa kidole cha mwisho asilale nao, kwa sababu usiku yeye ndiye mwenye nyumba.

Ukifika nyumbani, kabla hujamfungulia, mpige picha tatu akiwa bado kwenye boksi: ya ubavuni mwili mzima, ya juu ikionyesha kichwa, na ya karibu ya mgongo kuanzia pezi kubwa hadi mkiani. Andika tarehe na urefu wake. Ukisha mweka tangini, atachagua pango, na huenda usimwone tena mchana kwa wiki mbili. Picha zikishapatikana, zamisha boksi tangini, liinamishe taratibu, umwache atoke mwenyewe.